Nani afungue folda ipi: ruhusa za faili katika ofisi ya chama cha msingi

Swali: Mimi ni mhasibu wa chama cha msingi cha ushirika wilayani Newala. Ofisini tuna kompyuta tano zilizounganishwa kwa swichi moja ya mtandao, na kazi zetu zote zimo katika folda moja iliyo kwenye kompyuta yangu, ambayo fundi aliishea ili wote waione. Kompyuta zote tunazifungua kwa jina Ofisi, bila neno la siri. Msimu uliopita tarakimu katika orodha ya malipo ya wakulima zilibadilishwa na hatukujua ni nani aliyefanya hivyo. Juzi nilijaribu kuifunga folda ya mishahara kwa kuweka tiki kwenye Deny. Watu wote walizuiwa, nami pia nikazuiwa. Nataka makarani wa mizani waandike uzito lakini wasifute wala wasione mishahara, na wajumbe wa bodi wasome tu. Nifanyeje kabla ya mnada wa kwanza?

Jibu: Ndugu Mhasibu, tuanze na folda ya mishahara kwa sababu hiyo unaihitaji leo. Haijapotea, na faili zilizomo hazijaguswa. Ulipoweka tiki kwenye safu ya Deny mbele ya jina Everyone, uliiamuru kompyuta imzuie kila mtu, nawe umo katika kila mtu. Mtego wa panya huingia waliokuwemo na wasiokuwemo. Windows inapopima ombi la kufungua faili, makatazo yaliyowekwa kwenye folda hiyo yenyewe husomwa kabla ya ruhusa, hivyo ruhusa kamili uliyojipa katika mstari wa chini yake haikufikiwa. Hata hivyo mmiliki wa folda, ambaye kwa kawaida ni akaunti iliyoiunda, hubaki na haki moja ambayo katazo la namna hiyo haliiondoi, nayo ni haki ya kubadilisha orodha ya ruhusa. Ingia kwa akaunti hiyo, bofya folda kwa kitufe cha kulia cha kipanya, fungua Properties, kisha kichupo cha Security, kisha Advanced, na uufute mstari wa katazo. Ikiwa akaunti iliyoiunda haipo tena, akaunti yenye mamlaka ya usimamizi inaweza kujitwalia umiliki kwa kubofya neno Change lililo mbele ya jina la mmiliki katika dirisha hilohilo. Baada ya hapo iache safu ya Deny. Katika ofisi ya watu watano sijaona bado kazi inayoihitaji, kwa kuwa mtu ambaye hakuandikwa kwenye orodha ya ruhusa huwa amekwisha kuzuiwa bila kukatazwa kwa jina.

Folda yako itarudi kwa njia hiyo, lakini kisa cha orodha ya malipo kina mzizi mwingine, nao umo katika sentensi uliyoiandika kama jambo la kupita: kompyuta zote hufunguliwa kwa jina Ofisi. Kompyuta haimjui karani wala mwenyekiti. Inachokijua ni akaunti, na kila akaunti ina namba yake ndefu, inayoanza na S-1-5-21, ambayo hairudiwi kwa akaunti nyingine. Orodha ya ruhusa ya kila folda huwa imeandikwa namba hizo. Jina unaloliona dirishani huwekwa kwa ajili ya macho yetu tu. Watu watano wanaotumia jina Ofisi ni mtu mmoja mbele ya mashine, na hakuna tiki yoyote duniani inayoweza kumruhusu mtu huyo mmoja aandike uzito akiwa karani na papo hapo imzuie asione mishahara akiwa karani huyohuyo. Kwa sababu hiyo pia hamkumjua aliyebadilisha tarakimu. Hata kama kompyuta ingekuwa inaandika kila tukio, ingejibu kwamba aliyebadilisha ni Ofisi.

Nadhani naijua njia iliyowafikisha hapo, kwa maana nimeikuta katika ofisi nyingi za kusini, kuanzia Mikindani hadi Nachingwea. Windows kwa kawaida haikubali akaunti isiyo na neno la siri iingie kupitia mtandao. Inakubali akaunti hiyo itumike na mtu aliyeketi mbele ya mashine yenyewe peke yake. Fundi alipoona kompyuta nyingine zinakataliwa, badala ya kuwawekea maneno ya siri alikwenda kwenye mipangilio ya ushirikishaji akazima sharti la neno la siri, kisha akaipa Everyone ruhusa kamili. Kazi ilikwenda, akalipwa, akaondoka. Matokeo yake ni kwamba anayeingia kwa mtandao sasa hupokewa kama mgeni, na mgeni amepewa kila kitu. Ikiwa kifaa chenu cha Wi-Fi nacho kimechomekwa kwenye swichi hiyohiyo, fikiria siku za mnada ofisi inapojaa watu, na ujiulize ni wangapi wamekwisha kupewa neno la siri la Wi-Fi ili watume ujumbe. Kila mmoja wao, akiwa na laptopu, yumo ndani ya folda yenu ya malipo.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuunda akaunti moja kwa kila mtu katika kompyuta inayotunza faili. Tumia majina ya watu na wala si ya vyeo, kwa sababu karani wa msimu huu si lazima awe karani wa msimu ujao. Kila akaunti iwe na neno la siri, na isiwe ya kundi la wasimamizi. Hata wewe mwenyewe, ambaye ndiye unayeitunza mashine, uwe na akaunti mbili, moja ya kazi za kila siku na nyingine ya usimamizi unayoifungua pale tu unapobadilisha mipangilio. Kisha katika kompyuta ya kila mtumishi unda akaunti yenye jina lilelile na neno la siri lilelile. Kompyuta zenu hazina seva kuu inayozitambua akaunti zote kwa pamoja, hivyo kila mashine inatunza daftari lake la watumiaji, na jina likilingana pamoja na neno la siri, mlango hufunguka bila kuuliza. Yasipolingana, dirisha dogo hujitokeza likiomba jina na neno la siri, na hapo mtumishi anaweza kuandika yale ya kompyuta yako na kuweka tiki ili yakumbukwe. Ukimaliza, rudisha sharti la neno la siri katika mipangilio ya ushirikishaji, na uhakikishe akaunti ya mgeni imezimwa.

Baada ya watu, unda makundi. Ninaona watu wengi wakiruka hatua hii kwa kuwa ofisi ni ndogo, nao huijutia mwezi wa Oktoba makarani wa msimu wanapoajiriwa. Ukimpa ruhusa mtu mmoja mmoja kwenye folda kumi, akiondoka itakubidi upite folda kumi kumwondoa, na atakayekuja uzipite tena kumwingiza. Ukimpa ruhusa kundi, unapita folda mara moja tu maishani mwake, na baada ya hapo kazi yako ni kumtia mtu kundini au kumtoa. Kwenu makundi matatu yanatosha: Wahasibu, Mizani na Bodi. Katika toleo la Pro la Windows utayaunda kwenye dirisha la Computer Management, sehemu ya watumiaji na makundi. Toleo la Home halina dirisha hilo, lakini amri ya net localgroup iliyoandikwa katika dirisha la amri lililofunguliwa kwa mamlaka ya usimamizi hufanya kazi hiyohiyo.

Mtumishi akiondoka, izime akaunti yake na umtoe kundini, ila usiifute mara moja. Akaunti ikifutwa, ile namba ndefu hubaki kwenye orodha za folda bila jina, ikionekana kama mtu asiyejulikana, na hata ukiunda akaunti mpya yenye jina lilelile herufi kwa herufi, itapewa namba mpya na haitarithi chochote cha yule wa zamani. Makarani wa msimu hurudi mara nyingi, na akaunti iliyozimwa huwashwa kwa mbofyo mmoja.

Sasa folda zenyewe. Mtu anayekuja kwa mtandao hupita malango mawili. La kwanza ni ruhusa za ushirikishaji, zilizo kwenye kichupo cha Sharing, nazo ni za ngazi tatu tu: kusoma, kubadilisha, na mamlaka kamili. La pili ni ruhusa za diski yenyewe, zilizo kwenye kichupo cha Security, ambazo ni za kina zaidi na hufuata kila folda na kila faili. Malango yote mawili hupimwa, na ruhusa iliyo ndogo kati ya hizo mbili ndiyo atakayobaki nayo. Lango la kwanza likisema kusoma na la pili likisema mamlaka kamili, mtu huyo atasoma tu; ndiyo maana utasikia mtu akilalamika kwamba ametoa ruhusa zote na bado karani hawezi kuhifadhi. Ndani ya kila lango, ruhusa za makundi aliyomo mtu hujumlishwa. Baina ya malango hazijumlishwi.

Kuna jambo ambalo kwenu lina uzito wa pekee. Lango la kwanza humhusu anayekuja kwa mtandao peke yake. Karani akija kuketi kwenye kiti chako ili achapishe kitu, halipo mbele yake. Atakutana na lango la pili tu. Ukiwa umeondoka kwenda kunywa chai na kuiacha mashine wazi kwa akaunti yako, hata hilo la pili halipo, kwa kuwa mbele ya mashine yeye ni wewe. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi L kila unapoinuka.

Ushauri wangu ni kuliacha lango la kwanza liwe jepesi na ulinzi wote uwe kwenye la pili, kwa sababu ulinzi uliotawanywa mahali pawili humchanganya hata aliyeuweka. Kwenye ushirikishaji ondoa Everyone, uweke makundi yako matatu kwa ngazi ya kubadilisha. Usiwape mamlaka kamili hapo. Ngazi ya kubadilisha inatosha kwa kazi zote, na inamzuia mtu asiweze kubadilisha orodha za ruhusa akiwa mbali, hata kwa faili aliyoiunda mwenyewe. Kwenye lango la pili ndipo penye kazi. Folda mpya iliyowekwa kwenye diski huwa imerithi ruhusa za diski hiyo, na diski ya D katika kompyuta nyingi humruhusu kila mwenye akaunti kusoma na kubadilisha. Ukiongeza makundi yako bila kuukata urithi huo, hujamzuia mtu yeyote. Fungua Advanced, zima urithi katika folda kuu, ambayo hapa naiita Ofisi, chagua kuzigeuza ruhusa zilizorithiwa ziwe za folda hiyo yenyewe, kisha uondoe Users na Authenticated Users, yaani makundi yanayobeba kila mwenye akaunti. Baki na SYSTEM, yaani Windows yenyewe, na Administrators, yaani wasimamizi. Ukiviondoa viwili hivyo utazifungia nje programu za nakala pamoja na wewe mwenyewe.

Katika folda kuu, yape makundi yote matatu haki ya kusoma, na mahali panapouliza haki hiyo ifike wapi, chagua folda hii peke yake. Wataweza kuingia na kuona majina ya folda ndogo, lakini haki hiyo haitashuka chini. Kisha kila folda ndogo iandikiwe ya kwake: Mishahara kwa Wahasibu tu, Malipo kwa Wahasibu kubadilisha na Bodi kusoma, Mizani kwa makarani na wahasibu, Pamoja kwa wote, kwa ajili ya barua na fomu za kawaida. Ruhusa ziwekwe kwenye folda, zisiwekwe kwenye faili moja moja. Faili huzaliwa na kufa kila siku, na ile itakayozaliwa kesho itarithi ya folda.

Mahali penye neno Full control na Modify, chagua la pili. Tofauti yake si ndogo. Full control humpa mtu haki ya kubadilisha orodha za ruhusa na kujitwalia umiliki, na juu ya hayo haki ya kufuta chochote kilichomo ndani ya folda, hata faili ambayo yenyewe haikumruhusu kufuta. Modify inatosha kwa mtu anayefanya kazi.

Nije kwenye ombi lako gumu kuliko yote, la makarani kuandika bila kufuta. Kwenye dirisha la ruhusa utaona kuna tiki ya kuandika iliyo mbali na ya kufuta, na kila mtu hudhani jibu liko hapo. Ukijaribu, karani ataifungua Excel, ataandika uzito wa magunia ya asubuhi nzima, na akibonyeza kuhifadhi atakataliwa. Ukiichungulia folda utakuta imeachwa faili ngeni yenye jina la herufi na tarakimu zisizo na maana. Sababu ni kwamba Excel haiandiki juu ya faili ya zamani. Inaunda faili ya muda katika folda ileile, inaiandika yote, kisha inaiondoa ya zamani na kuipa mpya jina lake. Kuondoa ni kufuta. Karani asiye na haki ya kufuta hana njia ya kuhifadhi kwa Excel, na hakuna tiki itakayobadilisha hilo.

Suluhisho ninalolitumia halimo katika tiki bali katika mpangilio wa siku. Ndani ya Mizani weka folda mbili, Leo na Zilizofungwa. Katika Leo makarani wanapewa Modify, na kila mzani una faili yake, kwa sababu wawili wakiifungua faili moja, wa pili kwa kawaida hupewa ya kusoma tu na ataishia kuhifadhi nakala pembeni ambayo itawavuruga. Jioni, baada ya kulinganisha jumla ya kila mzani na hati za mapokezi, mhasibu anainakili faili kwenda Zilizofungwa, ambako makarani wanaweza kusoma tu, kisha anaifuta iliyo katika Leo. Nimesema anainakili, na neno hilo nalimaanisha. Faili iliyonakiliwa huzaliwa upya katika folda inakokwenda na kurithi ruhusa za huko. Faili iliyohamishwa ndani ya diski moja inaweza kubaki na ruhusa ilizotoka nazo, na karani akaendelea kuibadilisha ikiwa imeketi katikati ya Zilizofungwa. Nimewahi kuitafuta hitilafu ya namna hiyo kwa siku mbili, nikizikagua ruhusa za folda, ambazo zilikuwa sahihi kabisa, bila kuwaza kuzitazama za faili yenyewe.

Muda ambao faili imo katika Leo, karani anaweza kuifuta au kuibadilisha, na hilo lazima ulikubali. Hati za karatasi ndizo zinazomlinda mkulima saa hizo chache.

Kuhusu Bodi kusoma tu, usisahau kwamba anayesoma anaweza kunakili. Akiifungua orodha ya malipo anaweza kuihifadhi kwenye flashi na kwenda nayo nyumbani, na nakala hiyo haina tena ulinzi wenu. Orodha hiyo ina majina ya wakulima, namba za simu na namba za akaunti za benki, ambazo ni taarifa binafsi kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kwa hiyo, badala ya kuwaachia Bodi kuisoma folda ya Malipo kama nilivyopanga hapo juu, ningewaandalia wajumbe muhtasari wa jumla katika folda yao, na orodha yenye majina iwe ya wahasibu. Inawezekana mwenyekiti akasema kwamba yeye kama mkuu anastahili kufungua kila kitu. Mweleze kwa heshima kwamba ruhusa hufuata kazi anayoifanya mtu kwenye faili na wala si kiti anachokikalia, na kwamba siku tarakimu zitakapobadilika tena, asiye na uwezo wa kuzibadilisha ndiye asiyeulizwa. Katika uzoefu wangu hoja hiyo ya pili huwashawishi haraka.

Kujua nani amebadilisha nini kunawezekana akaunti zikishatenganishwa. Katika toleo la Pro, washa ukaguzi wa faili kwenye sera za usalama za mashine, kisha kwenye folda ya Malipo, ndani ya Advanced, fungua kichupo cha Auditing, uongeze makundi yako na uchague kuandika na kufuta tu. Ukichagua na kusoma, daftari la matukio litajaa kwa siku moja na hutaona kitu. Matukio hayo huandikwa kwenye daftari la Security la Event Viewer kwa namba 4663, yakitaja akaunti, faili na saa. Hayasemi tarakimu ipi ilibadilishwa. Kwa hilo unahitaji nakala za kila siku.

Nikuonye juu ya tiki moja nyingine kwa kuwa iliniponza mwenyewe. Chini ya dirisha la Advanced kuna kisanduku kinachoahidi kuzibadilisha ruhusa za vyote vilivyomo ndani zifanane na za folda uliyosimama. Katika ofisi moja ya hapa kusini, miaka kadhaa iliyopita, nilikuwa nimekwisha kupanga kila folda vizuri, kisha nikaona faili chache zina ruhusa za zamani, nikasimama kwenye folda kuu na kuweka tiki hiyo ili nizisafishe kwa mara moja. Ilisafisha kweli. Folda ya mishahara, ambayo nilikuwa nimeikata urithi, iliunganishwa upya na folda kuu, na folda kuu wakati huo ilikuwa ikiwaruhusu wote kusoma hadi chini. Niliondoka saa kumi na moja jioni nikijipongeza. Asubuhi dereva alimwuliza mhasibu, mbele ya watu, kwa nini posho yake ni nusu ya posho ya mwenzake wa gari la pili.

Tangu siku hiyo sigusi ruhusa kabla ya kuzihifadhi. Amri ni moja: icacls D:\Ofisi /save D:\ruhusa.txt /T /C. Inaandika orodha za ruhusa za folda hiyo na vyote vilivyomo katika faili moja ndogo. Ukiharibu, icacls D:\ /restore D:\ruhusa.txt huzirudisha, angalia kwamba wakati wa kurudisha unataja D:\ na hutaji D:\Ofisi, kwa sababu jina la folda limekwisha kuandikwa ndani ya faili. Hizi ni ruhusa tu, hazina hata herufi moja ya kazi zenu. Kazi zenyewe zinakiliwe kwenye diski ya nje kila jioni, na diski hiyo ichomolewe na kufungiwa kabatini, kwa kuwa programu haribifu ikiingia kwenye kompyuta ya karani itafanya kila kitu ambacho karani ameruhusiwa kufanya, na ikiingia kwa akaunti ya msimamizi itafika mpaka kwenye diski iliyoachwa imechomekwa. WannaCry, mojawapo ya programu hizo haribifu, iliyosambaa Mei 2017, ilipenya kupitia toleo la kwanza na la kizamani la itifaki hiihii ya kushirikisha faili. Kama kuna fundi aliyeliwasha toleo hilo ili mashine yenu ya kutoa nakala iweze kutuma skani, lizime. Ipe mashine hiyo akaunti yake na folda moja tu ya Skani, na kama haiwezi kutumia toleo jipya, itume kwenye flashi.

Hakikisha pia diski inayotunza faili ni ya NTFS, yaani mfumo wa kupanga diski unaotunza ruhusa za faili. Ikiwa ni FAT32 au exFAT, kama zilivyo flashi nyingi na baadhi ya diski za nje, kichupo cha Security hakitaonekana kabisa, na lango la pili halipo.

Vitu viwili vitakutatiza siku ya kwanza. Ukimtia karani kwenye kundi huku akiwa amekwisha kuingia, hataona mabadiliko, kwa sababu orodha ya makundi yake huandaliwa wakati wa kuingia. Atoke kwenye akaunti yake na aingie upya. Na ukiwa kwenye kompyuta ya karani ukajaribu kufungua folda yako kwa jina lako huku yeye amekwisha kuunganishwa kwa jina lake, utapata hitilafu namba 1219, kwa kuwa Windows haimruhusu mtumiaji mmoja aende kwenye kompyuta ileile kwa majina mawili kwa wakati mmoja. Andika net use * /delete, kisha ujaribu tena.

Fanya kazi hii siku ya Jumamosi ofisi ikiwa tupu, na angalau wiki moja kabla ya mnada. Ukimaliza, usiamini dirisha la ruhusa. Kaa kwenye kompyuta ya mizani, ingia kwa akaunti ya karani, unda faili katika Leo, ihifadhi, ifungue tena na kuihifadhi mara ya pili, kwa sababu ni katika mara ya pili ndipo kasoro ya kufuta hujitokeza. Nenda Zilizofungwa ujaribu kubadilisha faili ya jana, ikatae. Bofya Mishahara, ikatae hata kuonyesha majina ya faili zilizomo. Kisha rudi kwenye mashine yako, ingia kwa akaunti hiyohiyo ya karani ukiwa umeketi kwenye kiti chako mwenyewe, na ujaribu Mishahara mara nyingine. Ikifunguka hapo baada ya kukataa kule, ujue ulinzi wako ulikuwa kwenye lango la kwanza peke yake, na kichupo cha Security bado kinakungoja.